Nameza Barbasko

Jumamosi, 4 Mei 1974

Mume wangu Fidencio ameua nyoka leo. Alitoka kwenye rundo la mizizi, kichwa cha pembetatu, wale wa sumu kali. Pigo la kwanza lilitosha. Mume wangu akapiga mapigo kumi na matatu — nilihesabu, nilikuwa nashona gunia na shazia ikabaki hewani. Wachimbaji walicheka. Yeye hakucheka. Alipomaliza alifuta panga kwenye suruali, akaniuliza chakula kiko wapi.

Miaka ishirini na minane niko naye, na mkono wake bado unanishtua.

Lakini mwili wangu umetulia. Leo kidonge cha kumi na tisa! Mpaka mwezi uliopita nilikuwa naungua. Moto unaanzia kifuani, unapanda shingoni, uso mwekundu kama pilipili, jasho mpaka kwenye viatu. Na hasira — ee Bikira, hasira! Mwezi wa Machi nilimtupia Fidencio jiwe la kusagia kwa sababu alikuwa anatafuna kwa sauti. Likapasua mtungi. Yeye akanipasua mdomo. Tukatoka sare.

Dawa nilipewa na Daktari Tinoco. Msichana tu, yuko hapa kutumikia ule mwaka wake mmoja baada ya masomo, kama wote wanaoletwa, na ataondoka kama wote. Ila huyu alinisikiliza. Akasema damu ya mwezi ikishakoma, homoni hupungua, ndiyo maana naungua. Kidonge kimoja kila asubuhi. Cheupe, kidogo kama mbegu ya pilipili. Kisha akaniambia neno lililonifanya nishike kiti: kidonge hiki kinaanzia kwenye barbasko. Mizizi yetu hii hii! Michungu, myeusi, hata nguruwe haigusi. Wanaume wanaichimba porini, mashine inaikatakata, mimi naianika kwenye sakafu ya saruji na kuigeuza kwa reki, nashona magunia, lori linabeba. Huko mjini wataalamu wanaipika na kuigeuzageuza mpaka inakuwa dawa ya mwanamke. Na babu zangu waliijua kwa kazi moja tu, kuiponda na kuitia mtoni kama utupa, samaki waelee.

Zahanati haina dawa hiyo. Ananiletea Abundio, dereva wa lori, kutoka famasia ya Tuxtepec. Fidencio hajui. Daftari hili pia hajui lina nini. Ni la vibandiko vya magunia, liko mezani siku zote, na yeye hasomi hata jina lake.

Jumatatu, 6 Mei

Nimeanika sodo. Vitambaa sita, kutoka mlimao mpaka nguzo ya mlango. Nimevilowesha, nimevikamua, nimevianika. Havikuwa na kitu. Sijaona damu tangu Februari ya mwaka jana.

Kila mwezi nafanya hivi. Mwanamke mzima, miaka hamsini na moja, nafua vitambaa visafi! Lakini nilimwona Soledad. Soledad ni mke wa Melquiades, kaka yake Fidencio. Alisema wazi mezani kwamba amekauka. Melquiades alicheka siku hiyo. Mahindi hayajavunwa, akaleta msichana wa miaka kumi na tisa ndani ya nyumba. Soledad sasa analala kwenye ghala la mahindi. Na Fidencio akampiga kaka yake begani, akamwambia ningekuwa mimi hata mavuno nisingengoja.

Basi naanika.

Mchana Tomasa alikuja kushona pamoja nami. Tomasa ni komadre wangu, ndiye aliyemshika binti yangu Nieves siku ya ubatizo. Mdomo wake haukai na neno, najua, nimejua maisha yangu yote. Aliniangalia, akasema, "Komadre, mbona unang'aa? Umepata nini?"

Ningesema nimelala vizuri. Lakini nilikuwa na furaha. Nikasema, "Nameza barbasko!"

"Barbasko inaua samaki, wewe!"

"Mimi samaki?"

Tulicheka mpaka akalia machozi. Shazia ilimchoma kidole, akaendelea kucheka.

Jumatano, 8 Mei

Mjinga mimi! Mjinga, mjinga.

Hapa uwanjani tunapoanika mizizi, watu wanajua kidonge kimoja tu cha barbasko. Mwaka jana mhandisi wa kampuni aliwaeleza wanaume mizizi yao inakwenda wapi, nao katika yote aliyosema wakashika moja — vile vidonge wanavyomeza wanawake wa mjini ili wasizae. Tangu siku hiyo ukisema "vidonge vya barbasko" hakuna anayeuliza ni vipi. Nilikuwepo. Nilisikia. Kichwa changu kilikuwa wapi?

Neno limefika kwenye mashine. Nabor, anayelisha mizizi kwenye visu, alizima injini kusudi asikike. "Bibi Linda! Mzee wako amechoka kulima, au shamba lina mkulima mwingine?"

Nilimpiga kwa mpini wa reki. Mdomoni. Jino liliruka likadondoka kwenye saruji, likalia kama kokoto. Aliliokota, akaliangalia, akatema damu, akasema, "Huyu mama mwendawazimu." Nikainua reki tena. Wakanishika watu wawili.

Fidencio alikuwa kwenye mizani. Aliona yote. Hakuniuliza nimempigia nini. Jioni alikula maharage yake kimya, akaosha mikono, akalala. Afadhali angefoka.

Ijumaa, 10 Mei

Siku ya Mama. Naandika kwa jicho moja.

Abundio alikuja na lori saa nne. Ameleta ndoo ya maua mekundu kutoka mjini, akagawa, kila mama wa uwanjani ua moja. Ana mama mzee anayempenda sana, ndiyo tabia yake. Mimi akanipa ua na kifurushi. Mbele ya watu wote! Kile cha kwanza alinipa nyuma ya lori, leo alisahau, au aliona sikukuu haina siri. "Mzigo wako, bibi Linda."

Fidencio alinyoosha mkono. Nikampa. Ningefanya nini?

Hakukifungua. Alikwenda nacho dukani kwa Crisóforo, anayewasomea barua wasiojua kusoma. Kulikuwa na wanaume wanakunywa bia. Nimeambiwa Crisóforo alivaa miwani, akasoma kibandiko cha kichupa kwa sauti kama padri. Homoni. Wakamuuliza ndiyo zile za barbasko? Akasema zote si zinatoka kwenye barbasko. Hakusema uongo. Wakacheka.

Akarudi uwanjani. Kwanza alifungua kichupa, akavirusha vidonge vyote juu ya mizizi iliyoanikwa, kama mtu anayelisha kuku. Kisha akanishika nywele, akanikokota mpaka nyumbani. Hakuna aliyenyanyua mkono. Shuleni watoto walikuwa wanawaimbia mama zao, niliwasikia njia nzima.

Alipiga kwa ngumi. Baadaye kwa ala ya panga. Jicho, mdomo, ubavu. Nilimchoma shazia pajani, ikaingia mpaka kwenye tundu la uzi. Alilia kama nguruwe, nikafurahi. Naandika ukweli — nilifurahi. Akaichomoa, akaanza upya.

"Abundio?" aliniuliza.

Nikatema damu sakafuni.

"Tangu lini? Una miaka hamsini na moja, unazuia mimba ya nani? Sema!"

Hapo ndipo ningesema. Sizuii kitu, mume wangu, hakuna cha kuzuia, nimekauka. Maneno yalifika kwenye meno. Nikaliona ghala la Melquiades, na Soledad amelala juu ya magunzi. Nikayameza. Naye akasikia kimya changu, akakielewa alivyotaka.

Jumamosi, 11 Mei

Jicho halifunguki. Ubavu unauma nikivuta pumzi. Kidonge cha ishirini na sita. Vimebaki viwili kwenye kichupa cha zamani.

Anakwenda chechea. Vizuri.

Jumapili, 12 Mei

Sikwenda misa. Daktari hayupo, amekwenda Oaxaca kwenye mkutano, anarudi Ijumaa.

Tomasa alikuja baada ya misa, analia kabla hajaingia. Nilimrushia kahawa ya moto. Ilimpata mkono. Akajifuta, akakaa. Ndipo nikakumbuka kwa nini nampenda.

"Mdomo wangu ndio umekuponza," alisema.

"Umeniponza, ndiyo. Na wangu pia."

Alitoa kiberiti kwenye nguo. Ndani vidonge kumi na saba! Jana wanawake wa uwanjani waligeuza mizizi siku nzima kwa reki, na kila aliyeona kitu cheupe aliinama kama anatoa jiwe. Hawakusemezana. Vingine vimepasuka, kimoja kina alama ya kwato la mbuzi. Nililia hapo. Kupigwa sikulia.

Kisha Tomasa akasema, "Komadre, mwambie tu umekauka, yaishe."

Nikamuuliza nani kamwambia nimekauka.

"Wee! Sodo zinaanikwa kila Jumatatu ya kwanza, utafikiri mshahara, na hazina doa hata la chai! Wanawake wote tunajua. Wanaume ndio hawaangalii kamba."

Mwaka mzima na zaidi naigiza mbele ya watu wanaojua mchezo! Niliona haya, halafu nikacheka, ubavu ukanikata. Nikamwambia sisemi. Nikisema ananiletea mke mwenza, mimi naenda ghalani.

Tomasa akasema amemkuta Soledad kanisani, na Soledad ametuma salamu. "Mwambie Linda, ghalani kuna panya, lakini hapigwi mtu."

Jumanne, 14 Mei

Anatia panga makali. Jana pia. Anakaa kizingitini, jiwe, mate, jiwe. Hanipigi. Hasemi. Aliniuliza mara moja tu, lori linakuja Ijumaa, sivyo?

Nilikwenda dukani kupiga simu Tuxtepec, nimwambie Abundio asije. Simu ni hiyo moja. Crisóforo akasema laini imekatika. Wakati anasema, simu ikalia nyuma yake. Tukaangaliana. Nikampindulia trei ya mayai, nikatoka.

Naweza kumzuia Fidencio kwa neno moja. Najua. Nimelifanyia mazoezi mbele ya mbuzi. Nikimwona linakwama.

Alhamisi, 16 Mei

Leo asubuhi nilianza. "Fidencio, vile vidonge —" Alinigeukia na lile jiwe mkononi. "Vidonge vimefanya nini?"

Nikasema maharage yameungua.

Kesho nitamngoja Abundio darajani, kabla hajafika uwanjani. Nitamwambia ageuze lori. Ni rahisi hivyo tu.

Ijumaa, 17 Mei

Niliamka alfajiri, kitanda kitupu upande wake. Nikatembea mpaka darajani, mkono ubavuni. Fidencio alikuwa ameshafika. Amekaa kwenye ukingo kama mtu anayengoja usafiri. Akaniona. "Umekuja kumuaga?"

Nilisikia lori kilimani. Nikasimama katikati ya daraja, nikapunga mikono. Geuza! Geuza! Abundio akadhani nampungia salamu. Akapiga honi. Akasimamisha, akashuka anacheka, kofia mkononi, ili amsalimie bibi mwenye jicho bovu, aulize limepatwa na nini.

Fidencio akachomoa panga. Pigo la kwanza Abundio aliliona, akainua mkono wa kulia. Vidole vitatu. Vilianguka kwenye mbao za daraja, kimoja kikapita kwenye ufa, kikaenda mtoni. Alisema, "Hapana, hapana, bwana, hapana," kwa adabu, kama anakataa kuongezwa chakula. Pigo la pili bega. Niliokota jiwe, nikampiga Fidencio kichwani kwa nguvu zangu zote. Akayumba. Hakuanguka. Akainua panga mara ya tatu, na hapo ndipo lile neno lilipotoka. Nilipiga kelele mpaka koo likachanika —

"Nimekauka! Nimekauka, pumbavu wewe! Mwaka na miezi mitatu! Hakuna mimba, hakuna cha kuzuia, ni dawa ya uzee! Nimekauka!"

Panga likabaki juu. Wachimbaji walikuwa wanakuja na mizizi mgongoni, kama ishirini hivi, wakasimama. Wote walisikia. Damu ilikuwa inamtiririka Fidencio sikioni. Aliniangalia. Akamwangalia Abundio, amepiga magoti, mkono umefungwa ndani ya kofia. Mtu mmoja nyuma akacheka — Nabor, asiye na jino. Cheko moja tu, fupi.

Fidencio akashuka ukingo wa mto, akaingia porini. Hakuna aliyemfuata.

Jumamosi, 18 Mei

Daktari Tinoco alirudi jana na basi la mchana, akaingia moja kwa moja kumshona Abundio. Ilichukua saa tatu nzima. Mimi nilishika taa. Abundio hakulia. Nilimwambia kila kitu, vilikuwa vidonge vya nini na kwa nini nilinyamaza. Alinisikiliza, uso wa kijivu. Akasema, "Bibi Linda, mimi nilidhani ni dawa ya kichwa."

Halafu akauliza ataendeshaje lori.

Ningelisema lile neno Siku ya Mama, angekuwa na vidole kumi leo. Nilikuwa na siku saba. Nilichagua kitanda changu, nikamlipisha mtu aliyeniletea dawa na ua. Fidencio ndiye aliyekata, na nitasema hivyo mbele ya hakimu yeyote. Lakini najua na hili lingine, wala daktari hawezi kuniondolea.

Polisi wawili wamekuja, wamekunywa soda kwa Crisóforo, wamesema pori ni kubwa. Ndugu wa Abundio wamesema wao wanalijua pori.

Melquiades alinipitia jioni. Hakuingia. Akasema, "Umemwaibisha kaka yangu mbele ya watu. Kukata mtu kwa ajili ya mwanamke ni jambo moja. Kukata mtu kwa ajili ya mwanamke aliyekauka!" Akatikisa kichwa kama aliyefiwa. Nikamwambia asogee karibu aseme tena, nilikuwa na shoka. Akaondoka.

Daktari anataka nilale zahanati. Nieves ametuma ujumbe niende kwake. Tomasa amesema kwake pia kuna kitanda. Nimekataa wote. Nyumba hii nimeikandika udongo kwa mikono yangu. Nikitoka leo, kesho kuna msichana wa miaka kumi na tisa jikoni mwangu.

Jumapili, 19 Mei

Asubuhi nimefanya jambo. Nimetoa sodo zote, sio sita, zote kumi na mbili, na sikuzilowesha. Nimezianika kavu. Nyeupe, kutoka mlimao mpaka nguzo ya mlango, njia ya kwenda kanisani inapita hapo hapo. Wanawake walipita wakaona. Mmoja akajifunika mdomo. Tomasa akapiga vigelegele, mume wake akamvuta mkono. Wanaume pia waliangalia kamba, mara ya kwanza katika maisha yao. Soledad alipita wa mwisho. Alisimama, akanyoosha kitambaa kimoja kilichojikunja, akaenda zake.

Nikanywa kahawa. Nikameza kidonge. Ni kile chenye alama ya kwato.

Sasa wote wako misani. Kengele imelia mara ya pili. Na Fidencio amerudi.

Ametokea upande wa mto. Namwona kupitia mlango, nao uko wazi kwa sababu ya joto. Shati limekaukiwa na damu, ndevu za siku mbili, kichwani tambara. Panga liko kwapani. Hajaniita. Amesimama kwenye mlimao, anaangalia kamba.

Kama angepiga kelele ningejua la kufanya. Shoka liko hapa, limeegemea goti langu la kulia. Mkono unaandika, sijui nao unajua nini.

Ameanza kuanua. Kitambaa kimoja kimoja. Anatoa kibanio, anakigeuza kitambaa mbele na nyuma, anakitazama kwenye mwanga. Kisha anakikunja. Miaka ishirini na minane sijamwona mtu huyu akikunja nguo! Anakikunja mara mbili, anakiweka juu ya mkono wa kushoto. Panga halijatoka kwapani.

Cha nne. Cha tano. Naweza kutokea nyuma. Mbuzi wako pale, wanaangalia.

Midomo yake inatembea. Anahesabu, au anasali, au ananitukana. Sisikii. Kanisani wanaimba.

Moto unaanza kifuani. Si ule wa ugonjwa, au ndio ule, sijui tena kuutofautisha. Unapanda. Cha nane. Amenigeuzia uso mara moja, amelia mtu huyu, au ni jasho. Nimebadilisha shoka, liko mkono wa kushoto sasa ili niendelee kuandika.

Cha tisa, kile alichokinyoosha Soledad. Hiki hakukikunja. Amefuta nacho panga, pande zote mbili, polepole. Limekuwa safi. Kitambaa kina kutu na damu ya Abundio, amekirudisha kambani, akakibana vizuri.

Vimebaki vitatu mpaka mlangoni.

"Linda," anasema. Sauti ndogo. "Mwaka na miezi mitatu?"

Nalikaza shoka. Ameanua cha kumi. Vimebaki viwili.